Maono Yasiyo na Mwenyewe

Kanisani kwetu Madale maono hayana jina. Huo ndio utaratibu, na ulitungwa na watu wanaomjua binadamu. Katika wiki ya mfungo, anayeonyeshwa jambo na Mungu huliandika kwenye karatasi bila kusaini, akaikunja na kuitumbukiza kwenye kikapu cha ukindu kilicho mlangoni. Lengo ni kuzuia kiburi. Jumatano saa sita mchana kiongozi wa waombezi hukimwaga kikapu mezani, akasoma karatasi moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja kanisa zima hunyamaza. Ukimya huo ni wa kumsubiri mwenyewe. Yule ambaye moyo unamwambia kwamba maono ni yake husimama. Hasemi kitu. Akishasimama, maono yana mwenyewe.

Yakiwa ya baraka, watu wanapiga makofi. Yakiwa ya onyo, aliyesimama anawekwa. Ndivyo tunavyosema, anawekwa: kwa siku saba hasafiri, haanzi kazi mpya, hasaini karatasi yoyote, mpaka waombezi wamalize kumwombea na kumfungua.

Mie niliandika la onyo.

Naomba nieleze mazingira ya kosa, kama tulivyofundishwa kufanya kwenye barua za kujieleza, ambazo kwa miaka minne niliandika nyingi kuliko insha. Naitwa Asifiwe. Nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne kwa masista huko Njombe, matokeo yametoka na si mabaya, na sasa nakaa nyumbani nikisubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Kukaa nyumbani ni kazi ngumu kwa mtu wa vipaji vyangu. Shuleni niliwahi kuliamsha bweni zima, watu sitini, wakavaa sare za misa na kupanga mstari mbele ya kanisa saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne, kwa tangazo langu la ujio wa askofu ambaye hakuwepo hata mkoani. Mtu aliyefikia kiwango hicho hawezi kutosheka na kupepeta mchele.

Kiongozi wa waombezi wetu ni Mama Praygod. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye sauti ambayo akisoma maono hutetemeka mwishoni mwa kila sentensi kama bati lililolegea. Niliipenda sana ile sauti. Nilitaka tu kuipa kitu cha kutetemekea. Nikaandika: “Nimemwona mwanamke aliyevaa nyeupe. Amesimama ukingoni mwa maji meusi, na maji yanamwita kwa jina lake. Asivuke.”

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kila Jumatano waombezi huvaa nyeupe, nao ni akina mama kama arobaini. Kila mmoja angemtazama mwenzake, hakuna ambaye angesimama, na Mama Praygod angebaki na ukimya mkononi bila kujua pa kuuweka. Maono ya kila mtu ni maono ya hakuna mtu. Bado naamini hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Jumatano ile anga lilikuwa zito tangu asubuhi, masika ndiyo kwanza yanaanza, na mle ndani mlikuwa na giza kiasi kwamba Mama Praygod aliisogeza karatasi karibu na pua. Alisoma. Sauti ilitetemeka kuliko nilivyoota. Mie nilikuwa benchi la nyuma, nimeuma leso, machozi ya kicheko yananitoka. Kisha ukimya ukaja. Nikahesabu hadi kumi, hadi ishirini. Akina mama wa nyeupe wakatazamana, sawasawa na mpango.

Halafu benchi moja likalia upande wa kushoto, upande wa watu wasiokuwa waombezi, na mama yangu akasimama.

Alikuwa amevaa kitenge cha kijani. Hakuwa na uzi mweupe mwilini. Alisimama mikono imeshuka pembeni, amemtazama Mama Praygod kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa akiitarajia, na mie nikaitoa leso mdomoni.

Mama yangu anaitwa Avelina. Ana miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na mitano amekuwa mhudumu katika zahanati moja ya watu binafsi kule Tandale. Mhudumu ndiye anayedeki, anayechemsha vifaa, anayeshika taa, anayeita bajaji. Si muuguzi. Wauguzi huja wasichana wa miaka ishirini na mbili wakiwa na vyeti vyao, na mama huwafundisha jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asijue nani anamfundisha nani. Baadaye wao huandika majina yao kwenye kitabu. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Tangu niingie kidato cha kwanza kila alichopata mama kilipanda basi kwenda Njombe kikiwa kwenye sanduku langu.

Yote hayo niliyajua. Nisilolijua nilikuja kulijua saa tisa alasiri, akina mama watatu wa nyeupe walipofika nyumbani na Mama Praygod akiwa mbele. Walimwomba mama akitoe kile alichokusudia kukifanya. Wakasema hivyo hivyo, akitoe, kama vile ni jipu. Mama akaingia chumbani. Alirudi na bahasha ya kaki na gauni jeupe, jipya, la mikono mifupi, lenye mistari ya bluu mabegani. Alikuwa ameshonewa na Bi Mahfudha wa Tegeta, na bado lilikuwa na uzi wa kupimia kwenye pindo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya chuo kimoja cha uuguzi kule Temeke. Amechaguliwa. Ada ya kuanzia alishalipa. Anatakiwa kuripoti na kujisajili kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa, keshokutwa yake. Asiyefika nafasi yake anapewa mwingine.

Nikaelewa kwa mpigo mambo mengi ambayo mtu mwenye akili angeyaelewa mapema. Nikaelewa madaftari yangu ya kemia na fizikia yaliyokuwa yakipotea kila likizo. Nikaelewa kile kikundi cha kina mama cha Jumamosi ambacho hakikuwahi kuwa na keki wala michango. Mama alikuwa amerudia mitihani ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mara mbili, akisoma kwa mwandiko wangu, pamoja na michoro ya walimu niliyoichora pembeni. Hakumwambia mtu. Na mie, bila kujua lolote, nilikuwa nimeandika onyo lililomfaa kama gauni la Bi Mahfudha.

Mama Praygod alilikunja gauni, akaweka barua katikati, akasema vitakaa kwake mpaka Jumatano ijayo. Mama hakubisha. Aliomba tu wasiliwekee kitu kizito juu, litajikunja.

Usiku ule mvua ilianza. Sitaisimulia mvua, mvua ya Dar inajulikana. Nitasema tu kwamba asubuhi ya Alhamisi redio ya jirani ilikuwa ikitaja barabara zilizofungwa, na kati ya Madale na Temeke kuna mto Msimbazi, ambao mvua ikinyesha huacha kuwa mto na kuwa kitu kingine. Maji yake ni meusi. Sikulifikiria hilo nilipokuwa naandika. Nilichagua neno meusi kwa sababu lilisikika vizuri baada ya nyeupe.

Mama hakwenda kazini. Alikuwa ameshaaga zahanati, kumbe, Jumatatu. Alikaa kwenye kigoda jikoni akichambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Kunguru walikuwa wamejaa juu ya ukuta wa nyuma, wameloa, wametulia, nami nikajikuta nawahesabu na kuogopa idadi yao. Hapo nikajua hali yangu imekuwa mbaya. Mtu aliyetunga mzimu haruhusiwi kuuogopa.

Nikaamua kwenda kuungama kwa mwenye mamlaka.

Mama Praygod alinipokea barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Nikaeleza yote tangu kikapu mpaka leso. Sikuacha kitu, ilikuwa barua ya kujieleza bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na safari hii ilikuwa kweli. Nilitegemea hasira. Niliitamani hasira, maana baada ya hasira angenipa gauni na mambo yangekwisha.

Hakukasirika. Alinitazama muda mrefu kwa huruma.

“Mwanangu,” akasema, “na mama yako alikuwa amekwambia habari za chuo?”

“Hapana.”

“Ulijua kuna gauni jeupe?”

“Hapana, mama.”

“Ulijua itanyesha?”

Nikatazama madimbwi uani.

“Mungu alimsemesha punda,” akasema taratibu. “Punda naye alidhani anapiga kelele zake tu.”

Nilitoka pale bila gauni. Kuitwa punda si tatizo, nimeitwa zaidi ya hapo na watu waliosomea. Tatizo ni yale maswali yake matatu. Njia nzima ya kurudi, nikiruka madimbwi ya ile barabara ya kilima, niliyarudia yale maneno ya karatasi kichwani na kila nilipoyarudia yalizidi kuwa si yangu. Nyeupe. Maji meusi. Asivuke. Yule mwanamke niliyemwona wakati naandika, maana kweli nilimwona kidogo, kama mtu anavyoona anapotunga, alikuwa na mabega kama ya nani?

Nilimkuta mama pale pale kwenye kigoda. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia.

Mama aliendelea na maharage. Nilisikia yakidondoka moja moja kwenye sinia la bati. Nikadhani hakusikia, nikaanza upya, akaninyooshea kiganja ninyamaze.

“Ulipokuwa unaandika ulikuwa unamfikiria nani?” akauliza.

“Hakuna mtu. Nilitaka wasisimame.”

“Wale arobaini?”

“Ndiyo.”

“Wote wamevaa nyeupe.”

“Ndiyo, mama.”

“Na hakuna aliyesimama ila mie wa kijani.” Akaliweka sinia chini. “Unajua kwa nini nilisimama, Asi? Nilipata nafuu. Yaani lile neno asivuke lilivyosomwa, nilisikia mwili unalegea kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nikasema asante Bwana, sasa sina haja ya kwenda.”

Nikamwambia kwamba kosa ni langu. Akasema langu lipo na litashughulikiwa, nisiwe na haraka. Lakini la kwake ni la zamani kuliko langu. Tangu barua ifike alikuwa akitafuta wa kumzuia. Alimngoja daktari wa zahanati aseme amechelewa, daktari akampongeza. Alimngoja Bi Mahfudha acheke umri wake, Bi Mahfudha akampima kiuno na kumwombea heri. Alifunga siku tatu akimwomba Mungu amwonyeshe kama safari hii si mapenzi yake, na hakuwahi hata mara moja kuomba aonyeshwe kama ni mapenzi yake.

“Mie nimeuita woga wangu unyenyekevu miaka kumi na mitano,” akasema. “Nikawa naupeleka kanisani kila Jumapili kama sadaka. Mungu kanipa mikono hii. Watoto wangapi wamepita humu. Siku nikisimama mbele zake, nimwambie nini? Kwamba niliihifadhi isichafuke?”

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo hata mie sikuipenda, na kama Mama Praygod yuko sahihi? Kama nilitumwa bila kujua?

Hilo lilimgusa. Aliangalia dirishani, mvua ilikuwa imeshika tena, na nikaona mkono wake unatafuta ukingo wa sinia. Alikuwa anaogopa bado. Naomba ieleweke hivyo. Hakuna nuru iliyoshuka jikoni kwetu.

“Sijui,” akasema.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa barazani kwa Mama Praygod, tumeloa. Mama alimwamkia kwa heshima zote. Akamwuliza hali ya miguu yake. Kisha akasema amekuja kuchukua gauni na barua.

Mama Praygod alisema siku saba hazijaisha. Alisema watu wazima hawatoki kwenye maombi kwa sababu mtoto mtundu ameingiwa na hofu. Alizungumza kwa upole mwingi, na upole ule ulikuwa mzito kuliko mvua, maana alikuwa anaamini kila neno na alikuwa anampenda mama yangu. Akamwambia mto umepanda, redio imesema. Akamwambia akivuka, damu yake isidaiwe mikononi mwa waombezi.

“Haitadaiwa,” mama akajibu. “Mie ndiye niliyesimama, mama. Hakuna aliyenisimamisha. Basi leo niruhusu nikae chini, maono yabaki bila mwenyewe.”

Wakatazamana. Mama Praygod aliingia ndani akakaa sana, hata nikadhani hatatoka. Alipotoka alikuwa amelifunga gauni pamoja na barua kwenye mifuko miwili ya nailoni, moja juu ya nyingine, amekaza fundo. Hakusema kwaheri. Alimwekea mama mkono kichwani kwa muda mfupi, na sikujua ni baraka au ni maziko.

Mama alivalia gauni chooni kwenye kituo cha mafuta Ubungo. Nilimwambia asilivae mpaka tufike. Nilimsihi, kusema kweli. Akasema maelekezo yanataka mwanafunzi aripoti akiwa na sare. Alitoka akiwa mweupe kuanzia shingoni hadi chini ya magoti, watu wakampisha wakidhani ni sista wa hospitali, na mie nikatembea nyuma yake kama mtu anayemsindikiza aliyehukumiwa kwa ushahidi wangu wa uongo.

Karibu na Tabata magari yalikuwa yamesimama. Tukashuka kwenye daladala, tukaenda kwa miguu hadi darajani, na pale nikaona maji. Sikuwa nimeyatunga vizuri. Yalikuwa meusi kweli, yenye povu la kahawia, yanapita na magodoro, na mgomba mzima, na mlango wa nyumba ya mtu ukiwa bado na kitasa. Hayakuwa na kelele nilizotegemea. Yalinguruma chini chini, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili. Nilisikiliza kama yanataja jina. Nasema ukweli wangu: nilisikiliza.

Simu ya mama ikalia. Ujumbe kutoka kwa mmoja wa waombezi, neno moja tu: “Umeyaona?” Mama aliusoma, akanionyesha, akaizima simu.

Askari wa barabarani alikuwa amezuia magari yote akisubiri maji yapungue. Tulisubiri pale kwa muda wa saa tatu au nne. Mama hakuomba kwa sauti. Alisimama ukingoni mwa barabara, matope yamemfika kwenye soksi. Mara mbili aligeuka kutazama tulikotoka. Mara ya pili alipiga hatua tatu kurudi Ubungo. Sikumshika. Nilitaka arudi, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa katika habari hii yote, kubwa kuliko kikapu: nilitaka arudi ili nisiwe na hatia. Akasimama. Akageuka tena.

Saa nane na nusu mvua ilikata, na muda mfupi baadaye askari akaruhusu waenda kwa miguu wapite kwa makundi, katikati ya barabara. Mama akanishika mkono kama wakati nikiwa chekechea. Tukapita. Daraja lilikuwa linatetemeka kidogo chini ya nyayo, au ni mie. Hakuna kilichotokea. Upande wa pili kulikuwa na mtu anauza miavuli.

Pikipiki mbili zikatufikisha Temeke. Ofisi ya usajili ilikuwa chumba kirefu chenye feni isiyofanya kazi, na wasichana wachache waliochelewa kama sie, wengine wa umri wangu, wamekuja na baba zao. Mmoja alimpisha mama kwenye mstari akamwamkia, akidhani ni mwalimu. Mama aliitikia, kisha akamwambia taratibu arudi mbele, yeye pia ni wa mwaka wa kwanza. Yule msichana alimtazama matope, akatazama mabega yenye mistari ya bluu, akashindwa kuficha mshangao. Nikaona mama anaangusha macho kwenye soksi zake. Nikajua hii ndiyo aibu aliyokuwa akiiogopa muda wote, hii ya watu kumi na mbili ndani ya chumba kikavu.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi kasoro robo alipofika mezani. Karani, kijana mmoja aitwaye Stanley kwa mujibu wa kibao chake, alimpa fomu na kalamu. Mama aliandika jina lake. Akaandika mwaka wa kuzaliwa, herufi zake zimelala upande kama kawaida. Kisha kalamu ikasimama kwenye nafasi iliyoandikwa: mzazi, mlezi au mfadhili wa mwanafunzi.

Wazazi wake walishafariki. Baba yangu alishafariki. Nyuma yetu baba wa mtu alikohoa. Mama aliiangalia ile nafasi kama alivyoyaangalia maji, na mguu wake mmoja, nikauona, ukarudi nyuma nusu hatua.

Kisha akaandika. Avelina, na majina yake mengine mawili, kwa mara ya pili kwenye ukurasa ule ule.

Karani aliipokea, akaisoma, akaigeuza kumwelekea.

“Samahani, mama, umekosea hapa,” akasema kwa adabu. “Hapa tunaandika yule anayekusomesha.”

“Sijakosea,” mama akasema. “Ndiye huyo.”

Stanley akamtazama. Akanitazama na mie niliyeloa pembeni yake. Akachukua muhuri, akaupulizia pumzi kidogo ili wino ulainike, na akaugonga.